Kasuku wa Lear: mwili umekauka, sasa kichwa

Kwa wanaofuatilia: ninanakili kwa rangi za maji yule kasuku mkubwa wa buluu kutoka kitabu cha kasuku cha Edward Lear, mchoraji Mwingereza, kilichotoka kwa mafungu kati ya 1830 na 1832. Mwili umeshakauka. Mkia bado ni penseli tupu.

Lear alianza kazi ile akiwa na miaka 18. Wachoraji wengi wa ndege siku hizo walitumia ngozi zilizokaushwa na kujazwa, lakini yeye aliomba ruhusa ya kuingia bustani ya wanyama ya Regent's Park, London. Mtunzaji anamshika kasuku, kijana anapima bawa na mguu. Ndiyo maana ndege wake wana macho ya kijanja, kama wanaojua kuna mtu anawachora. Kisha alichora mwenyewe juu ya jiwe la kupigia chapa, zikatoka nakala 175, akayafuta mawe. Rangi zilipakwa kwa mkono, karatasi moja moja.

Michoro yake ya awali, iliyoko maktaba ya Houghton, Harvard, imenifunza kuliko kitabu chenyewe. Pembezoni kumejaa mabaka madogo ya rangi alizokuwa akizijaribu. Nami nimeacha ukingo mpana kwa kazi hiyohiyo, na kusema kweli ukingo wangu unapendeza kuliko ndege.

Mwilini nimetanguliza buluu ya Prussia, nyepesi sana kwa sababu ni rangi kali, nikasubiri ikauke kabisa, ndipo nikapitisha ultramarini, buluu nyingine, juu yake. Ukiharakisha tabaka la pili, la kwanza linaamka na yote yanakuwa tope. Mng'ao wa manyoya zamani uliongezwa kwa ute wa yai. Nitaujaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi.

Kichwa ndicho kinachotaka utulivu. Buluu yake imepauka kuliko ya mwili, ina ukijani na ukijivu, na penye pembe ya mdomo kuna ngozi ya njano yenye umbo la tone. Lear alimwandika kwa jina la kasuku mwingine, hyacinthinus, ambaye ni mkubwa zaidi na njano yake ni ukanda mwembamba unaofuata taya la chini. Mwaka 1856 mtaalamu wa ndege Charles Lucien Bonaparte akamtenga huyu wa Lear kuwa spishi ya peke yake, Anodorhynchus leari. Makazi yake porini yalikuja kujulikana 1978 tu, mtaalamu wa ndege Helmut Sick alipowakuta Bahia, Brazili. Jina lilikosewa, lakini mkono ulichora ulichokiona.

Basi hilo tone la njano silifanyii mzaha. Nimeliacha karatasi nyeupe, maana njano juu ya buluu inageuka kijani papo hapo. Linapakwa kesho, halafu mkia. Tawi litabaki penseli, kama alivyoliacha yeye kwenye kurasa kadhaa.