AI ilivyonisaidia kuendesha timu, na siku iliyoniaibisha

Niko Kampala, Ntinda, naongoza timu ya watu 9, tunatengeneza programu ya kufuatilia mizigo inayotoka Mombasa kupitia Malaba mpaka huku. Wengine wanaandika code ya programu, wengine wako mpakani wanaijaribu na madereva. Kiswahili ndo kinatuunganisha maana kuna Wakenya na Wakongo humu ndani, Luganda tunachomekea tu.

Ajaili (agile, ile staili ya kutengeneza programu kwa hatua fupi fupi huku mnarekebisha) tuliianza kwa mbwembwe. Skramu, moja ya njia za kuifanya, inasema kile kikao cha asubuhi kisizidi dakika 15, chetu kilikuwa kinakula saa nzima, kila mtu anaanza na foleni ya Jinja Road na mvua ndo afike kwenye kazi. Nikaona basi kila mtu atume voisi jioni kwenye WhatsApp, mimi nazigeuza maandishi, nafuta majina ya wateja na namba za kontena (sheria ya kulinda data ya 2019 ipo, sitaki maneno na mtu), halafu naipa AI inipangie nani anafanya nini na nani amekwama wapi. Aisee ilisaidia, kikao kikashuka, na zile kazi kubwa kubwa ilikuwa inazikata vipande vinavyoingia kwenye sprinti, yaani awamu moja fupi ya kazi, yetu ni ya wiki mbili. Vichekesho navyo havikukosa, mtu kasema lori limeshikwa na jamu Tororo, AI ikaandika lori limebeba jamu.

Sasa utamu ukanizidi. Nikaiuliza nani kwenye timu anavuta miguu. Ikanipangia watu wa kwanza mpaka wa mwisho, na wa mwisho ni kijana wetu wa Malaba, siku mbili kimya. Na mimi bila aibu nikaisoma ile orodha mbele ya wote kwenye kikao cha kumaliza sprinti.

Akaniambia, "Bosi, hizo siku mbili nimelala kwenye foleni ya malori, simu imeisha chaji, hiyo voisi ningetuma na nini?" Watu wakacheka, mimi nikatafuta pa kuficha uso. Tena huko kwenye foleni ndo aligundua mtandao ukipotea kitufe chetu cha kuthibitisha mzigo kinakufa, madereva wanaandika kwenye karatasi tu, na hiyo ndo ikawa kazi yetu kubwa ya sprinti iliyofuata. AI ingejuaje, haikuwa kwenye voisi yoyote.

Na lile tamko la ajaili la 2001, la wale watu 17 waliokutana Utah, nguzo yake ya kwanza kabisa inatanguliza watu na mazungumzo yao kabla ya taratibu na vifaa, mimi mwenyewe ndo nilikuwa naifundisha hapo ofisini!

Siku hizi AI inaandika muhtasari tu, kila mtu anasahihisha mstari wake kabla haujaingia kwenye bodi ya kazi za timu, kupanga watu nimeacha kabisa, na mtu akinyamaza siku nzima nampigia. Yule kijana bado kila Jumatatu ananiuliza, "Bosi, mashine inasemaje, wiki iliyopita nilifanya kazi?"