Gia ya pili ilipokuwa ikichomoka: tulivyotengeneza giaboksi ya trekta la baba

Trekta letu ni Massey Ferguson 135 lenye injini ya Perkins ya silinda tatu, na baba alilinunua likiwa limekwisha kutumika miaka mingi. Ndilo linalolima alizeti na mtama wetu karibu na Kibaigwa, wilayani Kongwa, na likimaliza kwetu hulima kwa majirani kwa malipo ya ekari. Wiki chache kabla ya mvua za Desemba, gia ya pili ilianza kuchomoka. Dereva alipozamisha plau na trekta kushika mzigo, mkono wa gia uliruka wenyewe ukarudi fri, yaani pasipo na gia yoyote, injini ikapaa na trekta likasimama katikati ya tuta. Zaidi ya hayo, kila alipotaka kurudi nyuma gia zilikwaruzana kwa sauti ya kuumiza meno.

Fundi wa kwanza alilisikiliza kwa muda mfupi, akaniambia, “Mama, giaboksi imekwisha, tafuta nyingine nzima.” Bei aliyonitajia ilizidi mapato yetu yote ya alizeti ya msimu uliotangulia. Kwa kuwa huku kwetu mvua ni za msimu mmoja tu, na anayechelewa kulima hana nafasi ya pili, nilishawishika kukopa. Kilichonizuia ni kwamba hakuwa amefungua hata bolti moja, wala hakuwa ameuliza ni gia ipi inayochomoka na ni wakati gani.

Nilimwita fundi mwingine, kijana aliyewahi kufanya kazi na baba, tukakubaliana kwamba hatutafungua chochote kabla ya kulijaribu trekta shambani. Trekta hili lina mikono miwili: mmoja huchagua gia ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya kurudi nyuma, na mwingine huchagua mwendo mzito au mwepesi, ndiyo maana huhesabiwa kuwa na gia sita za kwenda mbele na mbili za kurudi nyuma. Tulilima mistari mifupi kwa kila gia, kwanza katika mwendo mzito, kisha katika mwendo mwepesi, nami nikiandika kwenye daftari. Gia ya kwanza na ya tatu zilishika vizuri katika miendo yote miwili, ilhali ya pili ilichomoka katika miendo yote miwili, na kila mara mkono uliosogea ulikuwa ule wa gia, si wa mwendo. Kama ubovu ungekuwa kwenye sehemu ya kubadilisha mwendo, usingebagua gia ya pili peke yake. Jaribio hilo lilichukua asubuhi moja na mafuta kidogo ya dizeli, nami naliona kuwa ndilo lililotuokoa.

Kukwaruza kulikuwa ni jambo jingine kabisa. Fundi alikanyaga klachi hadi mwisho, akasubiri kidogo, kisha akajaribu kuingiza gia ya kurudi nyuma injini ikizunguka polepole, na bado gia zikakwaruzana, maana yake klachi haikuwa ikitenganisha injini na giaboksi kikamilifu. Pedali ilikuwa imelegea mno, na sehemu kubwa ya safari yake ilipotea bure kabla ya klachi kuguswa. Aliirekebisha kwa spana mbili, na kelele ile ikaisha siku hiyohiyo.

Tulipomwaga oili ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa, ishara ya maji. Mpira unaofunika shina la mkono wa gia ulikuwa umepasuka, na trekta lilikuwa limenyeshewa msimu mzima likiwa limeegeshwa chini ya mbuyu. Katika trekta hili oili ya giaboksi ndiyo hiyohiyo inayotumiwa na pampu ya haidroliki, kwa hiyo maji yaliyoingia juu yalikuwa yakielekea pia kuharibu mikono ya kuinulia plau. Tulipitisha sumaku ndani ya oili tukapata tope laini la chuma, lakini hatukupata kipande chochote cha jino. Hapo nilipata matumaini.

Ndipo tukafungua. Ilibidi kuondoa usukani na vitu vyote vilivyokaa juu ya giaboksi, na kila bolti niliitia katika kopo lenye alama ya mahali ilipotoka. Springi inayokandamiza kijipini cha kushikilia shafti ya kuchagulia gia ilikuwa imeliwa na kutu na kukatika. Foku inayosukuma gia ya pili nayo ilikuwa imelika upande mmoja, hivi kwamba gia haikuwa ikiingia hadi mwisho, na meno yalishikana kwa ncha tu. Yakipata mzigo yalisukumana yakaachana, na hakukuwa na springi ya kuyazuia. Ncha za meno zilikuwa zimeanza kuviringika kidogo, tukaamua kuyaacha.

Springi na kijipini tulinunua vipya Dodoma mjini, na foku tukaipata kwenye trekta lililokuwa limekatwa kuuzwa vipande. Tulisafisha chujio la haidroliki, tukasuuza ndani kwa dizeli na kuimwaga yote, tukabadilisha gasketi na mpira wa mkono wa gia, kisha tukajaza oili mpya.

Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama tofali, na wazee wetu wanakumbuka kwamba ndio ulioyashinda hata matrekta ya mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Kwa hiyo sikutaka kulijaribu trekta mahali laini. Tulilipeleka kwenye kona ya shamba isiyowahi kulimwa vizuri, tukazamisha plau, gia ya pili, mwendo mzito. Fundi aliondoa mkono wake kwenye gia akauacha hewani hadi mwisho wa mstari, na gia haikuchomoka. Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya tisa baada ya hapo, nasi tulikuwa tumekwisha kulima ekari zetu zote. Gia ya pili bado huvuma zaidi kidogo kuliko nyingine kwa sababu ya zile ncha zilizoviringika, nami hukagua rangi ya oili kila Jumamosi.