Bakuli la mbwa nalo ni mazalia ya mbu

Jamani, kumwaga maji ya bakuli la mbwa hakutoshi. Mbu aina ya Aedes, yule anayeeneza homa ya dengue, hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Ukimwaga tu, mayai yanabaki pale, meusi kama chembe za masizi. Yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, na ukijaza maji tena yanaanguliwa. Sugua kwa brashi ngumu, hasa ule mstari wa utelezi, kisha suuza. Kila wiki, maana kwenye joto yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi.

Hori kubwa lisilomwagika, tia Bti, dawa ya bakteria wa kuua viluwiluwi wa mbu. Mifugo wanakunywa maji hayo bila shida. Ila wahi: viluwiluwi wakishafikia hatua ya pupa, ile ya mwisho kabla ya kuwa mbu, wale waliojikunja kama alama ya mkato, hawali tena, na dawa hii huua ikiliwa tu.

Na wenye paka: dawa ya kupaka mbwa dhidi ya wadudu, yenye kemikali ya permethrini, msiwapake paka kabisa. Inaweza kuwaua.