Yule dubwana aliyesimama nasi kwenye mvua

Mama amelazwa, leo siku ya nne, na sisi kazi yetu ni kusubiri majibu tu. Jana usiku usingizi ukagoma kabisa, mdogo wangu akaja na kompyuta yake akasema njoo tuangalie katuni, mi nikakubali ili tu asikae peke yake, sikuwa na hamu yoyote.

Akaweka My Neighbor Totoro ya mwongozaji Hayao Miyazaki, ya Japani hiyo, ya 1988. Kumbe ni habari ya mabinti wawili, Satsuki na mdogo wake Mei, wanahamia kijijini na baba yao na mama yao yuko hospitali! Kidogo niizime. Nikajikaza.

Sasa kile kipande cha kituo cha basi jamani. Usiku, mvua inanyesha, baba amechelewa, Satsuki kambeba Mei mgongoni amelala, na wewe unaona kabisa huyu dada mwenyewe bado mtoto. Mara anakuja Totoro, lidubwana likubwa lenye manyoya, kichwani kajifunika jani dogo tu, anasimama pembeni yake na yeye anasubiri. Haongei kitu. Satsuki anampa mwavuli wa baba, jamaa akisikia matone yanavyodunda juu ya mwavuli anafurahi mpaka basi. Wanasubiri wote, ndo hivyo tu, na mi hapo machozi yalikuwa yananitoka kwa sababu siku zote hizi kila mtu ananiambia usijali atapona, na hakuna hata mmoja anayejua kama atapona, nilichokuwa nataka ni mtu wa kusimama na mimi tu.

Na muvi yenyewe haina mtu mbaya hata mmoja. Telegramu inakuja kutoka hospitali, Satsuki aliyekuwa anajifanya mkubwa muda wote analia kwa yule bibi jirani, anauliza itakuwaje mama akifa, na mimi swali hilo nimelibeba tangu Jumatatu sijamwambia mtu. Baadaye nilisoma kwamba mama yake Miyazaki naye aliugua miaka mingi, kifua kikuu cha uti wa mgongo, nikasema ndo maana, huyu mtu anajua.

Ilipoisha nikamwambia mdogo wangu naogopa. Akasema hata yeye.

Saa hizi tuko kwenye benchi lile lile hospitali, majibu bado. Kaniegemea begani amelala, mkono umeshakufa ganzi ila sitaki kumwamsha.