Mwaka wangu wa kazi huanza na wiki ambazo sitakuwepo

Kila ninapokaa kupanga mwaka mpya wa kazi, kitu cha kwanza kuingia kwenye kalenda ni wiki ambazo chumba changu cha unasihi kitafungwa. Natandaza mezani kalenda ya miezi kumi na miwili, nachukua kalamu nyekundu na kupiga mstari juu ya likizo zangu zote hadi Desemba. Idadi ya wateja, mafunzo na malengo vitapata nafasi baadaye. Wenzangu wengi waliojiajiri katika kazi hii hupanga kinyume: hujaza kazi kwanza, likizo ikapata kilichobaki. Nawaelewa. Ukiwa huna mwajiri, wiki usiyofanya kazi ni wiki isiyolipwa, na hofu hiyo humfanya mtu aseme atapumzika mambo yakitulia. Lakini wateja wetu huja kwetu kwa sababu mambo hayajatulia. Utasubiri hadi lini?

Sifanyi hivyo kwa ajili ya kupumzika tu. Katika tiba ya mazungumzo, kutokuwepo kwa mnasihi ni sehemu ya tiba yenyewe. Mtu aliyewahi kuachwa ghafla na aliyemtegemea haisikii habari ya likizo kama wengine wanavyoisikia. Ndiyo maana naitoa habari hiyo wiki sita kabla, tena mwanzoni mwa kikao, mtu akishakaa na kupumua. Ukiisema mlangoni wakati anaaga, umemnyima muda wa kuhisi chochote mbele yako, ataenda kuhisi peke yake.

Nitoe mfano niliouchanganya kutoka kwa watu wengi, ili asiwepo wa kujitambua humo. Namwambia mtu tarehe za likizo. Anatabasamu, anasema hakuna shida kabisa, hata wewe unahitaji kupumzika. Huku anasema hivyo, mkono wake unauokota mkoba uliokuwa sakafuni na kuuweka mapajani, na pale mapajani unabaki hadi dakika ya mwisho. Wiki inayofuata anachelewa dakika ishirini. Wiki ya tatu anasema ameanza kujisikia vizuri, huenda hahitaji kuendelea. Hapo ndipo namwambia nilichokiona: kwamba tangu nilipotaja likizo, amekuwa kama mtu anayejiandaa kuondoka kabla hajaachwa. Kinachofuata baada ya hapo mara nyingi ndicho kikao cha maana kuliko vyote vya miezi kadhaa. Kinapatikana kwa sababu bado tuna wiki tatu mbele yetu. Kama ningeamua likizo yangu kwa kushtukiza, yule mtu angeondoka kweli, nami ningeandika kwenye faili kwamba amepata nafuu.

Jambo hili ni la zamani kama kazi yenyewe. Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha tiba ya uchanganuzi wa nafsi, alikuwa akifunga kazi yake Vienna kila kiangazi kwa wiki nyingi mfululizo, na wagonjwa wake walijua. Kilichobaki kwetu ni kuyatumia mapengo hayo kwa makusudi. Kwa hiyo mistari myekundu ikishakaa, naongeza sheria mbili. Simpokei mteja mpya mwenye kiwewe kizito ndani ya wiki tatu kabla ya likizo ndefu, kwa sababu kufungua jeraha na kuondoka ni kumuumiza mtu mara mbili. Ya pili, simalizi tiba na mtu katika wiki ya mwisho kabla ya kufunga. Mtu anayeniaga anastahili kujua kwamba nipo kwa wiki chache zaidi, hata kama hatapiga simu.

Baada ya hapo ndipo hesabu. Mwaka una wiki 52. Natoa 6 za likizo, 2 za mafunzo, na 2 za ugonjwa na dharura za nyumbani, kwa sababu nitaugua, ila sijui lini. Zinabaki 42. Nikifanya vikao 18 kwa wiki napata vikao 756. Nachukulia kwamba kimoja kati ya kumi hakitafanyika, hivyo nabaki na karibu 680. Matumizi yote ya mwaka, yaani pango la chumba, bima, usimamizi wa kitaaluma (vikao vya kuijadili kazi yangu na mnasihi mzoefu), mafunzo, kodi ya serikali, akiba na riziki yangu, nayagawanya kwa hiyo 680, nikapata ada ya kikao. Anayezidisha 18 kwa 52 anapata 936, anajipangia ada ya mtu asiyeugua na asiyefiwa, na ifikapo katikati ya mwaka anaanza kuongeza wateja wa jioni ili kuziba pengo ambalo lilikuwepo tangu Januari. Wateja hao wa jioni ndio wanaopata mnasihi aliyechoka kuliko wote. Naliona hili kama suala la maadili kabla halijawa suala la fedha.

Kuhusu vikao vinavyofutwa, Freud aliandika mwaka 1913 kwamba kila mgonjwa hutengewa saa yake, na saa hiyo ni yake hata asipoitumia, hivyo ailipie. Mimi siendi mbali hivyo. Anayenipa taarifa saa 48 kabla halipi. Mwenye mtoto mgonjwa usiku halipi. Lakini msingi wake naukubali: saa niliyomtengea mtu siwezi kumpa mwingine asubuhi ileile, na utaratibu huo auone kwa maandishi siku ya kwanza, tusije kuujadili siku ambayo ameshakasirika.

Nafasi za ada nafuu nazo nazipangia idadi. Ni mbili kwa wiki. Zikijaa, nina orodha ya wenzangu na vituo ninavyoweza kumwelekeza mtu. Huruma isiyo na mpaka huanza vizuri, kisha unajikuta unamnung'unikia moyoni mtu asiyejua lolote.

Kwa nini 18 na si 25? Kikao ni dakika 50, lakini nyuma yake kuna maelezo ya kuandika, simu za kurudisha, barua kwa daktari, na kufikiri. Kufikiri ndiko kunakosahauliwa kwenye ratiba. Zaidi ya saa, mimi hupima uzito. Wanandoa wanaogombana mbele yangu, mtu aliyefiwa na mtoto, kijana anayepambana na mawazo ya kujiua, na mtu anayejifunza kulala tena baada ya miezi ya wasiwasi: kila mmoja ana dakika zake 50, lakini kwangu mimi vikao vyao havilingani uzito. Kwa hiyo kwenye kalenda naweka alama ndogo pembeni ya kila jina. Wenye alama nzito hawazidi wawili kwa siku, hawafuatani, na hakuna anayewekwa saa ya mwisho. Saa ya mwisho ni ya mtu ambaye nikimaliza naye ninaweza kwenda nyumbani nikiwa bado mtu.

Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York aliyeandika mwaka 1974 kuhusu watu kuchakaa kwa kazi, aliyaona hayo kwa wahudumu wa kliniki ya bure, watu waliojitoa kuliko wote, naye mwenyewe yalikuwa yamemkuta. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, Shirika la Afya Duniani linauweka uchovu huo kama hali itokanayo na kazi, haliuiti ugonjwa. Napenda msimamo huo. Unanielekeza kuitazama ratiba kabla sijaanza kumtazama mnasihi kama ana kasoro. Kwangu dalili za mapema ni mbili: kuanza kutamani mteja fulani asitokee, na kumalizia watu sentensi zao. Nikiziona, napunguza alama nzito mwezi unaofuata, na msimamizi wangu anajua kwamba ni wajibu wake kuniuliza. Vikao vyake viko kwenye kalenda kwa kalamu ya bluu, viwili kila mwezi, na havihamishwi kumpisha mteja.

Kazi inayonichukua muda mrefu zaidi katika kupanga ni kupitia mafaili, moja baada ya jingine, nikijiuliza swali moja: mimi na mtu huyu tunafanya nini pamoja, na je, yeye anajua? Mwanasaikolojia Edward Bordin alieleza mwaka 1979 kwamba ushirika wa kitiba unasimama juu ya makubaliano kuhusu malengo, makubaliano kuhusu kazi ya kufanywa, na uhusiano kati ya wawili hao. Kuna mafaili ambayo uhusiano ni mzuri sana, tunacheka, anakuja kwa wakati, lakini lengo limeyeyuka miezi mingi iliyopita. Hao nawapangia kikao cha mapitio kwa tarehe, ndani ya robo ya kwanza ya mwaka. Si kikao cha kumfukuza mtu. Ni cha kuulizana tulianzia wapi, nini kimebadilika, na kama bado kuna kazi.

Siku hizo natumia pia fomu fupi. PHQ-9 ina maswali tisa kuhusu sonona, kila jibu likipewa 0 hadi 3, jumla ikifika 27, na yote yanauliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Sihesabu jumla kwanza. Jicho langu linakwenda moja kwa moja kwenye swali la tisa, lile linalouliza kuhusu mawazo kwamba ni heri kufa au kujidhuru. Mtu aliyetoka 19 hadi 11 amepiga hatua kubwa, lakini kama jibu la swali hilo limetoka 0 likawa 1, tunaanza kuzungumzia hiyo 1, mapitio yanasubiri. Fomu haimjui mtu. Ila mara nyingine mtu huweza kuweka alama kwenye karatasi kuhusu jambo ambalo bado hana sauti ya kulisema.

Limebaki jambo ambalo wengi wetu hulikwepa, nalo ni kutokuwepo kusikopangwa. Mnasihi aliyejiajiri akipata ajali leo, nani atawajulisha wateja wake wa kesho? Familia yangu haiwajui na haipaswi kuwajua. Kwa hiyo nina wosia wa kikazi. Mwenzangu mmoja, mnasihi kama mimi, ana bahasha iliyofungwa, nami nina ya kwake. Ndani kuna majina na namba za simu za wateja, bila maelezo ya vikao. Kuna jinsi ya kupata ufunguo wa kabati na nywila ya kalenda, majina ya watakaopigiwa kwanza kwa sababu ukimya wangu unaweza kuwahatarisha, wanasihi wawili walio tayari kuwapokea, na maelekezo ya mafaili kuhifadhiwa kwa muda unaotakiwa na sheria kisha kuharibiwa. Nimeandika pia kwamba anayetaka kuja kwenye mazishi aambiwe mahali na saa, na asilazimike kumweleza mtu alinifahamu vipi.

Bahasha hizo tunazibadilisha kila mwaka tunapopanga kazi. Kabla ya kukutana naye mwezi huu, lazima nimuulize kila mteja kama namba yake ni ileile, na kama ni salama mtu mwingine kumpigia na kusema anapiga kwa niaba yangu. Wapo ambao nyumbani hakuna anayejua kwamba wanakuja kwangu. Kwa hao tunakubaliana maneno atakayotumia mwenzangu akipiga, na maneno hayo yanaandikwa pembeni ya namba.