Swali la Siku ya Pili

Nilirudi kwa yule daktari kwenda kukiri kosa. Miezi mitatu kabla alikuwa amesimama nyuma yangu akinibonyeza kwa kidole gumba, kisogoni, mabegani, viwikoni, nyongani, magotini, akikandamiza mpaka ukucha wake unageuka mweupe. Sehemu ni 18. Mimi nilishtuka kwenye 14. Kigezo cha mwaka 1990 cha kuutambua ugonjwa aliokuwa akiutafuta kilitaka 11 tu. (Tangu 2010 kuna vigezo visivyohitaji kubonyezwa, lakini yeye alisema mkono wake haujasahau.) Fibromialjia, akasema, ugonjwa wa maumivu sugu ya mwili mzima, nami nikalia kwa faraja, maana kwa miaka miwili vipimo vya damu vilirudi safi na kila aliyevisoma aliniambia sina kitu, tena akitabasamu.

Dawa aliyoisisitiza ilikuwa mazoezi. Tembea dakika kumi, kila wiki uongeze. Niliongeza. Nikafika dakika 25, kisha nikalala siku nne, pazia zimefungwa, hata kushika kikombe kazi.

Kwa hiyo siku ile niliingia na maneno niliyoyapanga njiani: "Daktari, nisamehe, mazoezi yamenishinda. Labda ni uvivu."

Aliweka kalamu chini. "Unazidiwa ukiwa unatembea?"

"Hapana. Nikitembea niko vizuri tu. Ni kesho yake. Wakati mwingine keshokutwa."

Akanyamaza. Kisha maswali yakaja mfululizo: Ukilala usiku kucha, unaamka umepumzika? Maneno yanakupotea katikati ya sentensi? Ukisimama muda mrefu, kichwa kinakuwa chepesi? Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Hali hii ina zaidi ya miezi sita? Nikacheka.

Alinieleza kwamba ugonjwa wa uchovu sugu na fibromialjia hukaa pamoja katika mwili mmoja mara nyingi sana, na vinafanana hivi kwamba kimoja hukificha kingine: maumivu, usingizi usioburudisha, kusahau. Kinachoutambulisha ule wa uchovu ni hilo deni la siku ya pili. Na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mwongozo wa Uingereza wa 2021 unakataza kumpa mwenye uchovu sugu mazoezi ya kuongeza kwa ratiba, ilhali mwenye fibromialjia huhimizwa sana afanye mazoezi. Mimi nilikuwa nayo yote mawili, nikatibiwa moja.

"Kosa si lako," akasema. "Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza." Sijawahi kumsikia daktari mwingine akisema hivyo.

Dawa mpya ilikuwa ngumu kuliko ile ya kwanza: pumzika kabla hujachoka. Si ukichoka. Kabla.

Nilipotoka, katikati ya ngazi, nikakaa. Mama mmoja aliyekuwa akipanda akainama, akaniuliza kama naumwa.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Bado."