Mshale uliokwenda kinyume

Juzi tukitoka Moshi, tulipofika Kikatiti taa nyekundu ya betri ikawaka kwenye dashibodi. Mwanangu wa mwisho akauliza, "Mama, kwani gari linatengeneza umeme wake lenyewe?" Nikamwambia ndiyo, mkanda unazungusha altaneta. Hakuridhika. "Na ule umeme wa kwanza kabisa unatoka wapi?"

Nilimjibu, lakini kichwa kilikuwa kimeshafika Kahe, kwenye trekta la Baba.

Ilikuwa Februari 1999, mwaka mmoja baada ya zile mvua za El Niño. Massey Ferguson 35 letu lilikuwa limeacha kuchaji. Injini ya dizeli ya zamani ikishawaka haina haja ya betri, kwa hiyo jioni tulikuwa tunaliegesha juu ya tuta la mfereji, asubuhi vijana wanalisukuma, linateremka, Baba anaachia klachi. Ila taa hazikuwaka, na msimu ule kila mtu alitaka kulimiwa kabla ya masika. Kulima usiku ndiko kulikokuwa kunalipa.

Baba akaifungua dainamo, mashine ya kuzalisha umeme iliyotumika kabla ya altaneta, akaipeleka gereji moja mjini. Wakabadilisha kaboni zinazopitisha umeme ndani yake, wakaiunga na betri palepale mezani, ikazunguka kama mota. Baba aliiona kwa macho yake, akaamini imepona. Alipoifunga, haikuchaji. Wakamwambia katauti, kile kiboksi kinachoiunga dainamo na betri na kuikata, imekufa. Akanunua nyingine, ikaungua. Akanunua tena, nayo ikaungua. Pesa ya mpunga ilikuwa inaishia kwenye kale kaboksi keusi, na nyumbani hakuna aliyethubutu kuligusia.

Hatimaye akaja mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mitambo kwenye mashamba ya miwa Arusha Chini. Tukamwamkia, akaitikia bila kututazama, macho yake yako kwenye trekta. Hakushika spana. Alivuta kigoda, akaanza kuuliza.

"Ukiwasha, hili boksi linafanyaje?"

"Linagongagonga, fundi. Halafu linatoa cheche."

"Na kule mjini, walipoizungusha mezani, bodi yake, hili ganda la chuma, waliipa waya upi wa betri?"

Baba hakujua. Mimi nilikuwa nimekwenda naye, nimesimama karibu na meza muda wote. Nikasema, "Hasi, babu. Waya mweusi."

Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. "Njoo hapa, binti."

Alichomoa nyaya zote mbili za dainamo, ule mnene na ule mwembamba, akaviunganisha vichwa viwili vya dainamo kwa kipande cha waya. Akatoa mita yenye mshale, ncha moja akaiweka kwenye kile kipande, nyingine kwenye bodi. Kwenye trekta lile chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kama mashine nyingi za Uingereza za wakati huo. Akanipa mita niishike, akamwambia Baba awashe, asikanyage mafuta.

Injini ikashika. Nikakaza macho. Mshale ukatikisika, kisha badala ya kupanda ukarudi kushoto, ukapita sifuri, ukajibana ukutani mwa kioo. Baba akadhani nimeishika vibaya. Kaka yangu akanyoosha mkono anipokonye. Mzee akamzuia kwa kiganja.

"Hajakosea. Dainamo yenu ni nzima. Inazalisha moto wa umeme, ila inauzalisha kinyume."

Akatueleza huku ameinama. Ndani ya dainamo, chuma cha sumaku hubakiwa na usumaku kidogo hata mashine ikilala miezi. Kidogo hicho ndicho kinachozaa umeme wa kwanza. Umeme huo unarudi kwenye koili, unaikuza sumaku, na umeme unaongezeka. Pale mezani walikuwa wameiunga kama wanavyounga dainamo za magari waliyoyazoea, hasi kwenye bodi, wakaugeuza ule usumaku. Iliporudi kwenye trekta ikawa inapigana na betri. Katauti ikifunga, nguvu za pande mbili zinajumlika pale kwenye platini zake, zile ncha zinazogusana. Ndiyo kugongagonga kule. Ndiyo cheche.

Alizima injini, akautoa mkanda, akachomeka waya kwenye kile kichwa cha betri kisichokwenda bodi. Ncha ya pili akanipa mimi.

"Hapa kwenye kichwa kidogo. Gusa, utoe. Usishikilie."

Wanaume wote walikuwa wamesimama pale, kaka zangu wawili wakubwa wakiwemo. Nikagusa. Cheche ya buluu, mlio mdogo, harufu ile ya chuma kilichoungua. "Tena." Nikagusa tena. Akarudisha mkanda, mita ikarudi mikononi mwangu, injini ikawashwa, na mshale ukaanza kupanda kuelekea kulia, ukapita volti 12, ukafika 18, mzee akipaza sauti, "Punguza! Punguza!" Nilikuwa napiga kelele na mimi, sijui nilisema nini.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Alisugua platini za zile katauti kwa msasa laini, moja ikafaa. Akarudisha nyaya, geji ya ampia ikaegemea upande wa kuchaji. Usiku ule tulilima.

Watu huniuliza kama siku ile ndiyo iliyonifanya niwe fundi umeme. Siwezi kuapa. Nilikuwa nimeanza kupenda fizikia kabla ya hapo, na waliosaidia nifike nilipo ni wengi. Lakini sijasahau kile kiganja kilichomzuia kaka.

Baba alitaka kwenda kudai pesa zake gerejini. Mzee akamwambia akienda awaelekeze pia, wasije wakamtia mwingine hasara. Kwa miaka mingi niliwaona watu wale kuwa wezi. Sasa sina uhakika. Nimekutana na mafundi waaminifu kabisa, hapa hapa Unga Limited, Arusha, ambao hawajawahi kuona mashine yenye chanya kwenye bodi, na hawaulizi kwa sababu hawajui kwamba kuna cha kuuliza. Lakini kumuuzia mtu katauti ya pili bila kujiuliza ya kwanza imeungua kwa nini, hilo bado linaniuma.

Dainamo haziji tena sana. Ikija moja, kabla sijaiweka mezani namuuliza mwenye nayo ni ipi iliyoko kwenye bodi. Wengi hawajui, basi tunatoka wote kwenda kutazama.